Mnyama Mmoja au Wawili?

Ndugu msomaji, mwindaji mwenye leseni amempiga tohe mmoja. Tohe ameanguka. Mbele kidogo amesimama tohe mwingine. Bado hajakimbia. Bunduki ina risasi. Mwindaji afanye nini? Apige tena, au ashushe bunduki?

Wakati wa kulijibu swali hili ni mfupi sana. Lakini jibu lake ni zito. Linahusu chakula cha nyumbani. Linahusu sheria ya nchi. Linahusu pia watoto wetu, kama watawaona wanyama hawa au watawasikia katika hadithi tu. Leo tulitazame swali hili pole pole.

WANYAMA WETU WAKO WAPI?

Mji wa Sumbawanga uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko chini bondeni, karibu mita 800. Kwa hiyo mtu anayetoka bondeni kuja Ufipa hupanda mlima wa mita 1,000 hivi. Kumbuka jambo hili. Tutalirudia.

Huku juu ni nchi ya wakulima. Tangu zamani Wafipa wamelima kwa matuta ya ntumba. Majani hufukiwa ndani ya tuta, yakaoza, yakawa mbolea. Wazee waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, wakafua majembe na mikuki. Jembe lilikwenda shambani. Mkuki ulikwenda porini.

Leo mashamba ni mengi na watu ni wengi. Wanyama wakubwa wamebaki zaidi bondeni na katika mapori. Huko wako nyati, nyamera, pofu na tohe. Yuko pia sheshe, mnyama wa majani mabichi karibu na maji.

Sheshe ni mfano mzuri wa kufikiria. Katika Tanzania sheshe hupatikana hasa katika Bonde la Kilombero na Bonde la Rukwa. Zamani walikuwa wengi kando ya Ziwa Rukwa. Miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda yakafunika mbuga za majani. Malisho yakapungua. Watu nao waliendelea kuwinda, na mifugo ikaongezeka. Sasa sheshe wa Rukwa ni wachache. Maji yalianza, mkono wa mtu ukafuata.

Wanyama hutegemeana pia. Mtaalamu mmoja, Desmond Vesey-FitzGerald, alifanya kazi katika Bonde la Rukwa wakati wa kupambana na nzige wekundu. Mwaka 1960 aliandika jinsi wanyama wa bonde wanavyopishana malishoni. Tembo na nyati hukanyaga na kula majani marefu. Majani mafupi huchipua. Ndipo wanyama wadogo zaidi, kama nyamera, hupata malisho. Kwa hiyo ukimaliza aina moja, umeigusa na nyingine.

HESABU YA KUNDI

Mbuzi hubeba mimba miezi 5. Mara nyingi huzaa mapacha. Sheshe hubeba mimba miezi 8 hivi, naye huzaa mtoto mmoja tu. Tohe naye huzaa mmoja. Mnyama wa porini haongezeki upesi kama mbuzi wa zizini. Hana mchungaji, hana dawa, na chui anamsubiri.

Sasa tufanye hesabu. Hii ni hesabu ya mfano tu.

Tuseme kuna kundi la wanyama 20. Majike ni 12. Kila jike anazaa mtoto mmoja, wanakuwa watoto 12. Nusu yao wanaliwa na chui na fisi, au wanakufa kwa maradhi. Wanabaki 6. Katika wakubwa, 3 wanakufa kwa uzee na maradhi. Mwisho wa mwaka kundi lina wanyama 23.

Tuseme kijini wako wawindaji 3. Kila mmoja akichukua mnyama 1, wanabaki 20. Mwaka ujao kundi ni lile lile. Nyama imeliwa, na kundi lipo.

Lakini kila mmoja akichukua 2, wanaondoka 6. Wanabaki 17. Mwaka wa pili majike yamepungua, na watoto wamepungua. Wawindaji wanachukua tena 6. Wanabaki 13 hivi. Mwaka wa tatu wanabaki 9. Mwaka wa nne wanabaki 4. Mwaka wa tano mwindaji anatembea siku nzima, anarudi na mbwa wake na njaa yake.

Tofauti ilikuwa mnyama mmoja tu kwa kila mtu. Mmoja huyo ndiye aliyemaliza kundi.

JIKE NA DUME

Hesabu inakuwa mbaya zaidi kama risasi inapiga majike. Jike mwenye mimba akifa, wamekufa wawili. Kama ana mtoto mwingine anayenyonya, wamekufa watatu. Tohe na sheshe huficha watoto wao katika majani. Mwindaji anamwona mama tu. Mtoto amelala kimya, na atakufa kwa njaa.

Basi utajuaje? Tazama pembe. Kwa tohe, sheshe na pongo, dume ndiye mwenye pembe. Jike hana. Lakini angalia: nyamera, pofu na korongo wote wana pembe, majike na madume. Kwa hao pembe hazitakuambia neno. Kama huna hakika, usipige.

SHERIA INASEMAJE?

Mwaka 1974 ulikuwa mwaka mkubwa kwetu. Mwaka huo Mkoa wa Rukwa ulianzishwa. Mwaka huo huo Katavi ikawa Hifadhi ya Taifa. Na mwaka huo ilitungwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori. Sheria hiyo imekwisha kubadilishwa. Sasa tunafuata Sheria Namba 5 ya mwaka 2009.

Sheria inataka mwindaji awe na leseni. Leseni inataja aina ya mnyama na idadi yake. Kama imeandikwa tohe mmoja, maana yake ni mmoja. Wa pili ni wizi wa mali ya taifa. Adhabu yake ni faini au kifungo, na mara nyingine vyote viwili.

Sheria inakataza pia kuwinda wanyama wachanga na majike yenye mimba au watoto. Inakataza kuwinda kwa sumu, kwa mashimo na kwa mitego ya waya. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hakuna ruhusa ya kuwinda. Katika mapori ya akiba, kama Lwafi wilayani Nkasi, huwezi kuingia kuwinda bila kibali.

Ndiyo maana kujua kusoma ni silaha. Mtu asiyejua kusoma huambiwa na mwenzake, "Leseni inaruhusu wengi." Wewe isome mwenyewe. Soma aina, soma idadi, soma tarehe, soma mahali. Usipoelewa, muulize Afisa Wanyamapori wa Wilaya kabla hujaenda porini.

LESENI IKIRUHUSU WAWILI

Sasa tufike penye ugumu. Leseni inaruhusu tohe wawili. Sheria haikuzuii. Je, uchukue wote wawili siku moja?

Tuchukue mfano wa watu wawili, mtu na mpwa wake. Wametoka Ufipa wameteremka bondeni. Saa 1 asubuhi wamepata tohe dume mmoja. Wa pili amesimama karibu.

Kijana anasema, "Mjomba, yule pale! Piga upesi. Leseni ni ya wawili."

Mjomba anajibu, "Nimemwona. Sisi tuko wangapi?"

"Tuko wawili, mjomba."

"Huyu aliyelala ana uzito gani?"

"Labda kilo 60."

"Tukimchuna na kutoa matumbo, itabaki nusu au kuzidi kidogo. Kilo 30 na zaidi. Wewe ubebe 15, mimi 15, pamoja na ngozi, bunduki na maji. Mlima ule unauona?"

"Nauona, mjomba."

"Basi ukiongeza wa pili, nani atambeba?"

"Tumwache mtini, turudi kesho."

"Kesho fisi atakuwa amekushukuru. Na jua la bondeni litakuwa limeozesha alichobakiza. Chumvi tumebeba kiasi gani?"

Kijana anacheka. "Kifuko kimoja, mjomba."

"Haya mwanangu, leta kisu. Yule mwingine leseni yake haijaisha. Tutarudi siku nyingine."

Ndugu msomaji, mjomba huyu hakukataa nyama. Alikataa nyama ya kuoza. Mnyama anayeoza porini hakumlisha mtu, na kundini hayumo tena. Hiyo ni hasara mara mbili.

Je, ziko siku ambazo kuchukua wawili ni sawa? Ndiyo, ziko. Kama leseni inaruhusu. Kama wanyama ni wengi mahali hapo. Kama wote wawili ni madume. Kama wabebaji wapo na kijiji si mbali. Kama chumvi ipo na kuni za kukaushia zipo. Hapo mwindaji hana kosa. Lakini masharti hayo ni matano, na yote yatimie.

MNYAMA ALIYEJERUHIWA

Liko jambo wawindaji wengine husahau. Umempiga mnyama, hakuanguka, amekimbia na damu. Unaona mwingine, unampiga huyo. Unarudi nyumbani unasema, "Nimepata mmoja."

Hukupata mmoja. Umeua wawili. Yule wa kwanza atafia kichakani. Aliyejeruhiwa huhesabiwa. Mfuate damu yake mpaka umpate, hata ikichukua mchana wote.

Tena usipige kundi lililosongamana. Risasi hupita kwa mmoja ikampata wa nyuma yake. Ngoja mpaka mmoja ajitenge.

MTEGO HAUCHAGUI

Mtu wa bunduki anaweza kujiuliza kabla ya kupiga. Mtego wa waya haujiulizi. Hukamata dume, jike, mtoto, hata ng'ombe wa jirani. Mtu aliyetega nyaya 10 amekwisha amua kuchukua wengi, ingawa yeye amelala nyumbani. Akisahau nyaya mbili, zitaendelea kuua baada ya yeye kuacha kuwinda. Ndiyo sababu sheria inazikataza. Ukiuona waya porini, wapelekee habari viongozi wa kijiji.

MANENO YANAYOSEMWA VIJIWENI

Wengine husema, "Nisipomchukua mimi, atamchukua mwingine." Huenda ni kweli. Lakini neno hili likisemwa na kila mtu, kundi limekwisha. Dawa yake si kumwahi mwenzako. Dawa yake ni kukaa katika mkutano wa kijiji na kukubaliana. Mhalifu anajulikana. Nyama yake inaliwa usiku, lakini harufu haifichiki.

Wengine husema, "Wanyama ni wa Serikali, sisi wanatula mashamba." Malalamiko hayo ni ya haki. Nguruwe na nyani huwatesa wakulima kweli kweli. Toa taarifa kwa uongozi wa kijiji na kwa Afisa Wanyamapori. Lakini tohe aliye mbali bondeni hakula mahindi yako. Usimlipishe deni la nguruwe.

Wengine husema, "Watoto wangu wanataka nyama." Hilo nalo ni kweli. Lakini nyama ya pori haiji kila wiki. Kuku watano bandani, mbuzi wawili zizini, samaki wa Rukwa na Tanganyika, na maharage ya shamba, hivyo ndivyo vinavyolea mtoto mwaka mzima. Nyama ya pori ni nyongeza. Tena tangu mwaka 2020 ziko kanuni za Serikali zinazoruhusu mabucha maalumu ya nyamapori. Kumbuka: leseni ya kuwinda si ruhusa ya kuuza nyama.

MASWALI MATANO KABLA YA RISASI YA PILI

1. Leseni yangu inaruhusu?
2. Huyu ni dume mzima, nina hakika?
3. Wanyama wa aina hii hapa ni wengi?
4. Nina mabega, chumvi na muda wa kutosha?
5. Wa kwanza amekufa kweli, au amekimbia na jeraha?

Jibu moja likiwa "hapana", shusha bunduki.

Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Mwindaji hodari hahesabiwi kwa mizoga ya siku moja. Huhesabiwa kwa miaka aliyowinda na pori likabaki na wanyama. Tukumbuke hivyo tunapoteremka bondeni, na tuwafundishe vijana wetu hivyo.

ZUNGUMZENI KATIKA KISOMO

1. Zamani kijijini kwenu walikuwepo wanyama gani ambao sasa hawaonekani? Waulizeni wazee sababu.
2. Fanyeni tena hesabu ya kundi la 20. Itakuwaje kama mwindaji ni mmoja tu, naye anachukua wawili?
3. Kijiji chenu kifanye nini juu ya mitego ya waya?