BMS Haifufui Seli Iliyochoka

Swali ni lile lile, hubadilika tarakimu tu: nimekusanya seli za betri za laptop, nataka kuunda sketibodi ya umeme, je, ninunue BMS ya ampea ngapi ili izisawazishe? Hakuna. BMS ni bodi ya elektroniki inayolinda seli za betri. Ampea zilizoandikwa juu yake, ziwe 30 au 60, ni kiasi cha umeme ambacho inaweza kupitisha kwenda kwenye mota kabla haijakata. Kusawazisha ni kazi nyingine, na katika bodi nyingi za bei nafuu hufanywa kwa miliampea 50 hadi 100 hivi, tena chaji inapokaribia kujaa: seli iliyotangulia hupunguzwa umeme wake kupitia rezista, ukapotea kama joto, ili za nyuma zifike. Tofauti ya miliampea-saa 500 kwa mwendo wa miliampea 50 ni saa 10 kwenye chaja. Na hapo tunazungumzia seli zenye ujazo sawa zilizopishana chaji. Seli iliyotoka kiwandani na miliampea-saa 2,500 ikachakaa hadi 1,500 hairudishiwi zile 1,000 na bodi yoyote. Kuidai BMS kazi hiyo ni kumwomba mpima mizani aongeze kilo kwenye gunia lililopungua.

Wapo wanaojibu kwamba sketibodi zao zinakwenda vizuri hivyo hivyo. Zinakwenda, mpaka seli dhaifu iishe kabla ya wenzake na BMS ikate umeme wote. Sketibodi nyingi za aina hii hazina breki ila mota yenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika kwenye mteremko, breki nazo zimekwenda. Ndipo inapokuja hoja ya pili: basi tuunge kidhibiti cha mota moja kwa moja kwenye betri, BMS ibaki ya kuchajia tu. Kwa seli nzima ni uungaji mzuri. Kwa seli mchanganyiko ni hatari zaidi, kwa sababu kidhibiti husoma volti za betri nzima, hakioni seli mojamoja. Chukua makundi 10 ya seli yaliyoungwa kwa mfululizo, na kidhibiti kilichopangwa kukata kwenye volti 32. Makundi tisa yakiwa na volti 3.4 na moja limeshuka hadi 2.4, jumla ni 33. Kidhibiti kinaona salama, nawe unaendelea kuliua kundi lile. Seli iliyokamuliwa kupita kiasi huyeyusha shaba iliyomo ndani yake, na ikichajiwa tena inaweza kujipiga shoti na kuwaka. Wapo pia wanaokimbilia kisawazishi chenye nguvu zaidi. Hicho huhamisha chaji, hakipunguzi ukinzani wa ndani: seli kuukuu yenye miliomu 100 hupoteza nusu volti kila ikidaiwa ampea 5, hata ikiwa imejaa.

Sasa uungaji, kwa haraka. Nunua seli mpya za aina moja zinazohimili ampea za mota yako. Waya mnene wa hasi ya betri uende kwanza kwenye sehemu ya BMS iliyoandikwa B-. Betri ya makundi 10 ina nyaya nyembamba 11 za kusawazisha: wa kwanza kwenye hasi ya kundi la kwanza, kila unaofuata kwenye chanya ya kundi lake kwa mpangilio. Kabla ya kuchomeka plagi ya nyaya hizo kwenye bodi, pima kwa mita kila pini na jirani yake. Usomaji uwe kati ya volti 3 na 4.2, na ukiona sifuri au 8, umekosea waya, rudia. Chomeka plagi mwisho. Hasi ya chaja iende kwenye sehemu iliyoandikwa C-, au P- ikiwa bodi haina C-, na weka fyuzi. Kidhibiti kiunge moja kwa moja, ukipange kianze kupunguza nguvu mapema badala ya kukata ghafla. Usianze mteremko betri ikiwa imejaa pomoni, maana breki hurudisha umeme ndani yake. Na kama fedha ni ya kitu kimoja tu, acha BMS kubwa, nunua seli zinazolingana na BMS ndogo ya kuchajia.