Sanaa ya Jamii na Vijana Transijenda Wahamiaji Nchini Kanada (Sehemu ya Pili)

Sanaa ya jamii ni ile inayobuniwa kwa pamoja na watu wasio wasanii kwa kazi yao, wakisaidiwa na msanii mzoefu, kuhusu mambo yanayowagusa wao wenyewe. Sehemu hii ya makala inachunguza nafasi ya sanaa hiyo katika maisha ya vijana transijenda, yaani watu ambao jinsia wanayojitambua kuwa nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, waliohamia Kanada kutafuta hifadhi au makazi.

Kisheria, mlango wa hifadhi ulipanuliwa mwaka 1993, Mahakama ya Juu ya Kanada ilipoamua katika kesi ya Ward kwamba jinsia na mwelekeo wa kimapenzi vinaweza kuwa misingi ya kulindwa kama mkimbizi. Mwaka 2017, Bunge liliongeza utambulisho wa kijinsia katika Sheria ya Haki za Binadamu, na mwaka huohuo Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi ilitoa mwongozo unaowataka waamuzi wake waepuke dhana potofu kuhusu waombaji wa aina hii. Hata hivyo, mwombaji bado hutakiwa kuandika katika fomu masimulizi ya mateso yake, yenye tarehe, mahali na mfuatano unaoeleweka, kisha ahojiwe juu ya ukweli wake. Katika utaratibu huo hofu na ukatili ndivyo vyenye uzito, ilhali urafiki, imani, mapishi ya nyumbani na matumaini ya kijana havina pa kuandikwa.

Suala hili la hifadhi linawahusu pia wasemaji wa Kiswahili, kwa kuwa sheria za Uganda dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, ile ya mwaka 2014, iliyobatilishwa na mahakama mwaka huohuo, na ile ya mwaka 2023, ziliwafanya baadhi ya watu wakimbilie Kenya, wakiwemo waliopelekwa kambi ya Kakuma, na wengine wao baadaye wakahamishiwa nchi za mbali, Kanada ikiwa mojawapo.

Sanaa ya jamii inaweza kuyapa nafasi yale yasiyo na pa kuandikwa katika fomu, na mbinu yake mojawapo ni uchoraji wa ramani ya mwili. Mshiriki hulala juu ya karatasi kubwa, mwenzake huchora mzingo wa mwili wake, kisha mwenyewe huujaza rangi, alama na maneno yanayoonyesha alikotoka, anachokibeba na anachokitegemea. Mbinu hii ilikuzwa na msanii Jane Solomon mjini Cape Town mwaka 2002, akifanya kazi na wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na baadaye watafiti wa Toronto wakaitumia kwa wafanyakazi wahamiaji wasio na hati. Inawafaa vijana transijenda kwa sababu mwili ambao wengine wameuhukumu, wakaupekua na kuupa majina, hapa hufafanuliwa na mwenyewe, naye huamua sehemu gani iachwe wazi.

Mbinu nyingine ni picha-sauti, iliyoasisiwa na Caroline Wang na Mary Ann Burris katika miaka ya 1990 kwa wanawake wa vijijini mkoani Yunnan, China. Washiriki hupewa kamera, hupiga picha za mazingira yao, huzijadili pamoja, kisha huzipeleka kwa wenye mamlaka. Kijana anaweza kupiga picha ya mlango wa bweni, foleni ya ofisi au viatu vyake, akaeleza mengi bila uso wake kuonekana.

Hatari huanza pale kazi zinapotundikwa ukumbini, kwani picha iliyosambaa katika intaneti inaweza kuwafikia jamaa ambao kijana aliwakimbia, na hadithi iliyosimuliwa kwa njia ya kisanii inaweza kulinganishwa na ile ya fomu kabla dai halijaamuliwa. Kwa hiyo idhini isitiwe saini mara moja tu mwanzoni. Iulizwe tena kabla ya kila maonyesho, na kijana awe na haki ya kutumia jina la kubuni, kuondoa kazi yake au kubaki nayo, bila kupoteza nauli, chakula wala nafasi yake katika kundi.

Wafadhili na vyama vya wahamiaji, vikiwemo vya wasemaji wa Kiswahili, wanapaswa kuipima miradi hii kwa kigezo hicho kabla ya kuhesabu watazamaji. Mradi usiomwachia kijana uamuzi juu ya hadithi yake haustahili kufadhiliwa.