Masaji hutuliza hofu ya mtihani, lakini si kwa sababu inayotangazwa

WIKI ya mitihani inapowadia, vyuo vingi nchini Marekani huweka viti vya masaji katika maktaba. Mwanafunzi huketi akiwa na nguo zake, akalaza uso kwenye mto wenye tundu, kisha hukandwa shingo, mabega na mgongo kwa dakika 10 au 15.

Mwaka 2000, jarida la kitabibu la Psychosomatic Medicine lilichapisha utafiti kuhusu wanafunzi tisa wa kike wa udaktari, waliokandwa mwili mzima kwa saa moja siku moja kabla ya mtihani. Wasiwasi wao ulipungua na kasi ya kupumua ikashuka. Hata hivyo, watu tisa ni wachache mno kuwa msingi wa tiba.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulitolewa mwaka 2004, pale mtafiti Christopher Moyer na wenzake walipochambua kwa pamoja tafiti 37. Walitenganisha wasiwasi wa aina mbili: ule unaoletwa na jambo la wakati huo, kama mtihani wa kesho, na ule uliokwishajengeka katika hulka ya mtu. Kukandwa mara moja tu kulipunguza ule wa kwanza, pamoja na mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Ule wa pili ulihitaji vipindi kadhaa, na nafuu yake ilikaribiana na ile ya matibabu ya saikolojia kwa njia ya mazungumzo.

Kisichothibitika ni maelezo yanayopendwa na wafanyabiashara wa huduma hiyo, kwamba masaji huondoa kotisoli, homoni inayoongezeka mwilini wakati wa msongo. Moyer alilirejea suala hilo mwaka 2011 na kubaini kuwa badiliko ni dogo sana, mara nyingi halitofautiani na sifuri. Nafuu ipo, ila haipitii huko.

Kwa mwanafunzi ambaye hofu yake huisha mtihani unapokwisha, kiti cha maktabani kinatosha. Lakini anayekosa usingizi kwa wiki kadhaa, asiyekula au anayekwepa vipindi, dakika 15 za utulivu zaweza kumfichia tatizo lake. Huyo, akandwe asikandwe, anapaswa kufika kwa mshauri nasaha wa chuo. Aidha, mwenye mguu uliovimba na kuuma bila sababu asikandwe kabla ya kuonwa na daktari, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa.