Matumizi ya burudani ya Mto Msimbazi

Matumizi ya burudani ya Mto Msimbazi ni michezo, matembezi, mikusanyiko na mapumziko yanayofanyika kandokando ya mto huo katika jiji la Dar es Salaam, Tanzania, hasa kwenye uwanda wa Jangwani karibu na Kariakoo. Usimamizi wake ni mgumu kuliko ule wa bustani ya kawaida, kwa sababu mahali vijana wanapocheza mpira wakati wa kiangazi huwa sehemu ya mto wenyewe wakati wa masika.

Mto na bonde lake

Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, na kwenda takriban kilomita 35 hadi Bahari ya Hindi, ambako huingia chini ya Daraja la Selander katikati ya mikoko. Njiani hupokea vijito kadhaa, vikiwemo vya Ubungo na Sinza. Katika sehemu ya chini bonde ni tambarare na mteremko ni mdogo sana. Mvua kubwa ikinyesha Pugu na Ubungo wakati bahari imejaa, na zaidi ikiwa ni bamvua, maji hukosa pa kwenda na kutanda Jangwani. Barabara ya Morogoro, inayokatiza bonde kati ya Fire na Magomeni Mapipa, imefungwa mara nyingi kwa sababu hiyo.

Jangwani na mpira

Jina la mto huu linajulikana zaidi kwa mpira kuliko kwa maji. Klabu ya Simba huitwa Wekundu wa Msimbazi kwa sababu makao yake yako Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Watani wao Yanga, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, huitwa watoto wa Jangwani, na uwanja wao wa Kaunda ulio kwenye makao yao ni mmoja wa ile ya kwanza kujaa maji kila mvua zinapozidi. Hivyo timu mbili kubwa za nchi zimechukua majina kutoka bonde moja, ingawa wengi wanaoyaimba uwanjani hawafikirii mto hata kidogo.

Kariakoo ilipimwa wakati wa ukoloni kama makazi ya Waafrika, yenye mitaa iliyonyooka na viwanja vidogo. Uwazi wa Mnazi Mmoja uliitenganisha na mjini kwa Wahindi na Wazungu, na upande wa pili kulikuwa na bonde. Leo majengo ya ghorofa yamechukua nafasi ya nyumba za zamani na ua zake, na mtoto wa Kariakoo hana mahali pengine penye upana wa kupigia mpira bila kulipa kiingilio. Hii ndiyo thamani halisi ya Jangwani. Kila jioni ya kiangazi timu za mitaani hugawana viwanja kwa mapatano yao wenyewe. Magoli ni ya miti au mawe mawili, na anayewahi ndiye anayecheza.

Jangwani pia ni uwanja wa mikutano mikubwa ya dini na siasa. Mwaka 2015 CCM na muungano wa vyama vya upinzani UKAWA vyote vilizindua hapo kampeni zao za uchaguzi mkuu.

Maji yenyewe

Kucheza kando ya Msimbazi ni jambo moja, na kuingia ndani ni jambo jingine. Mto hupokea maji ya vyoo, taka za majumbani, na maji machafu ya viwanda na machinjio. Takataka zimekuwa tatizo la bonde kwa muda mrefu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya jalala lililowatesa kwa moshi na harufu, wakashinda. Kesi hiyo hutajwa hadi leo katika masomo ya sheria ya mazingira.

Hata hivyo watoto huogelea, hasa kwenye mashimo yaliyoachwa na wachimba mchanga. Mashimo hayo ni hatari kuliko uchafu, kwa kuwa kina chake hakionekani na kingo zake humeguka. Kuweka bango la kukataza kuogelea hakutoshi ikiwa uchimbaji unaendelea mita chache kutoka hapo. Shimo likifukiwa, sababu ya kuogelea huondoka pamoja nalo.

Mjini Paris, Ufaransa, kuogelea katika mto Seine kulipigwa marufuku mwaka 1923 na kukaruhusiwa tena kwa umma Julai 2025 tu, katika sehemu zilizotengwa, kwa kupima maji kila siku na kupandisha bendera zinazoonyesha kama ni salama. Kazi kubwa ilikuwa kuzuia maji taka yasiingie mtoni. Kwa Msimbazi, mpango wowote wa burudani kwa sasa unahusu ukingo, si maji.

Nani anasimamia

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto ikiwa zinaweza kuhatarisha mazingira. Rasilimali ya maji iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na mazingira yako chini ya NEMC. Ardhi na viwanja viko chini ya halmashauri, na mto unapita katika maeneo ya zaidi ya halmashauri moja: ng'ambo moja ya Jangwani ni Jiji la Dar es Salaam (zamani Ilala), ng'ambo nyingine ni Kinondoni. Matokeo yake yanajulikana kwa yeyote aliyewahi kufuatilia kibali: kila ofisi inaweza kukataza, na hakuna moja inayowajibika kukata nyasi au kuzoa taka.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 serikali ilianza kubomoa nyumba zilizokuwa mabondeni. Wakati huohuo karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi Mei 2016, ilijengwa palepale Jangwani, ikafurika zaidi ya mara moja na kuharibu mabasi. Mkazi aliyevunjiwa nyumba kwa kuambiwa kwamba bonde si mahali pa kujenga alikuwa na haki ya kuuliza swali.

Mradi wa Bonde la Msimbazi

Mwaka 2018 ulianza mpango uliotayarishwa kwa warsha zilizowakutanisha wataalamu, maofisa na wakazi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 za Marekani kwa utekelezaji, huku Uholanzi na Hispania zikichangia. Msimamizi ni TAMISEMI kupitia TARURA.

Wazo lake ni kuupa mto nafasi. Mkondo unachimbwa na kupanuliwa, na udongo unaotoka humo hutumika kuinua ardhi ya pembeni kwa ajili ya majengo. Daraja jipya la Jangwani linawekwa juu zaidi na karakana ya mabasi inahamishwa. Sehemu ya chini inabaki kuwa bustani ya jiji, yenye viwanja vya michezo, njia za miguu na miti inayoweza kufunikwa na maji siku chache bila hasara kubwa. Mjini Seoul, Korea Kusini, njia za kando ya kijito cha Cheonggyecheon, kilichofunguliwa upya mwaka 2005, hufungwa mvua kubwa inapoanza na watu hutolewa. Jangwani itahitaji utaratibu kama huo, unaoanza na mvua za Pugu na si na maji yanayoonekana darajani, maana yakifika darajani muda umekwisha.

Kaya nyingi zimelipwa fidia na kuhama, na baadhi zimelalamikia viwango. Suala jingine ni kiingilio. Bustani yenye uzio, walinzi na tiketi hutunzika kwa urahisi, lakini timu za jioni hazina fedha za kukodi uwanja. Ikiwa viwanja vitakodishwa kwa saa, vijana hao watarudi kuchezea barabarani, au watashuka kwenye mchanga wa mtoni ambako hakuna mlinzi.