Taa na Kichujio katika Tangi la Mimea ya Maji

Tangi la kioo lenye mimea na samaki wa maji baridi hutegemea vifaa viwili ambavyo aghalabu huchaguliwa kila kimoja kivyake, yaani taa na kichujio, ingawa kazi ya kimoja haipimiki bila kuangalia ya kingine. Mimea iliyopata nuru ya kutosha hufyonza amonia na nitrati, hivyo nayo huchuja maji. Lakini nuru ikizidi uwezo wa mimea, virutubisho vilivyobaki hunyakuliwa na mwani, maji yakawa ya kijani, na nuru yenyewe ikashindwa kufika chini.

Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Victoria inalidhihirisha jambo hilo kwa upana wake. Rutuba inayoingia ziwani kutoka mashambani na mijini, ikiwamo ile inayobebwa na Mto Mirongo unaokatiza katikati ya jiji, imelisha mwani na kuyatia maji ukungu kuliko ilivyokuwa zamani. Katika maji angavu nuru nyekundu ndiyo hupotea mapema na ya buluu huzama mbali. Katika maji yenye mwani na tope mambo hugeuka, ya buluu ikamezwa karibu na uso, zikabaki njano na nyekundu. Walioumia ni furu, samaki wadogo ambao spishi zao ziwani humo zimekadiriwa kufikia 500, kwa kuwa majike wengi humtambua dume wa spishi yao kwa rangi. Mwaka 1998 Ole Seehausen na Jacques van Alphen walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa matangini kwa furu wa miamba ya aina mbili: Pundamilia pundamilia, ambaye madume wake ni wa buluu, na Pundamilia nyererei, mwenye madume wekundu, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Chini ya taa nyeupe majike walichagua madume wa spishi yao. Chini ya taa iliyoficha tofauti ya rangi hizo, walishindwa kubagua.

Kwa hiyo taa inayofaa ni ya LED nyeupe, yenye takriban kelvini 6500, kipimo kinachoeleza rangi ya nuru, ambapo namba hiyo hukaribia mwanga wa mchana. Ukali wake hupimwa kwa lumeni, na lumeni 20 kwa kila lita ya maji hutosha mimea isiyodai mengi. Mchana wa Mwanza huwa wa saa 12 hivi mwaka mzima, lakini tangi changa halihitaji kuuiga muda huo. Saa 6 hadi 8 zinatosha, zikidhibitiwa na swichi ya saa, na tangi likiwekwa mbali na dirisha linalopigwa jua.

Kichujio hunasa uchafu unaoonekana, lakini kazi yake kubwa ni kuwapa makazi bakteria wanaobadilisha amonia, itokayo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo na ambayo mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hao huhitaji takriban wiki nne hadi sita kuongezeka, na ndiyo maana samaki wengi wanaotiwa siku ya kwanza hufa ndani ya maji yanayoonekana safi.

Wauza vifaa hupenda kusifia kichujio cha mtungi, yaani chombo kilichofungwa kinachokaa nje ya tangi na kuvuta maji kwa mipira. Ni kifaa kizuri mahali ambapo umeme haukatiki. Ukikatika kwa saa kadhaa, bakteria waliofungiwa humo hukosa oksijeni na kuanza kufa, na umeme ukirudi maji yaliyovunda husukumwa moja kwa moja tangini, isipokuwa mwenyewe awahi kuufungua mtungi na kuusuuza. Kwa nyumba nyingi za Mwanza kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa ni chaguo bora, kwa kuwa sponji hukaa ndani ya maji ya tangi na pampu ndogo ya betri huweza kushika zamu. Kasoro yake ni kwamba mapovu hufukuza kabonidioksidi, hasara isiyo na uzito ila kwa anayenunua gesi hiyo na kuitia majini ili kustawisha mimea.

Sponji husuuzwa kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, ikikamuliwa mpaka tope la kahawia lipungue, wala haipelekwi bombani, kwa sababu klorini inayotiwa kwenye maji ya jiji ili kuua vijidudu haichagui vya kuua. Mimea nayo, kama Ceratophyllum demersum inayoelea na kunyonya amonia kwa kasi, hupatikana bure kandokando ya ziwa, lakini chini ya majani yake huweza kuganda mayai ya konokono, ambao baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho. Kipande kilichokatwa kwenye tangi la mfugaji mwingine ni salama zaidi kuliko kilichong'olewa ufukweni.