Mvungunya na Ujuzi Ulioachwa Nyuma ya Krimu

Siku hizi jina Kigelia linaonekana kwenye chupa na mikebe ya vipodozi Ulaya na Marekani, likisifiwa kwa kukaza ngozi. Mti wenyewe ni mvungunya, ambao wengine huuita mwegea, na Wakikuyu muratina. Huota zaidi kando ya mito na katika nyika, kuanzia Senegal hadi Afrika Kusini, ukining'iniza matunda yenye urefu wa hata nusu mita. Sisi tulio ughaibuni tunafurahi kuona mti wa kwetu ukithaminiwa, na furaha hiyo ni halali. Ila kinachouzwa ni tunda, na tunda ndiyo sehemu ndogo ya urithi huu. Thamani yake kubwa imo katika ujuzi wa kulitayarisha.

Tunda bichi halifai kuliwa: huharisha vibaya na linaweza kubabua mdomo. Mtengenezaji wa pombe iitwayo pia muratina hulipasua, hulianika juani, kisha hulichemsha katika maji na kulianika tena. Ndipo vipande vinapotumbukizwa katika maji ya asali au ya miwa na kuwekwa penye joto. Pombe ikiiva, vipande hutolewa na kukaushwa vikisubiri pombe nyingine, kwa sababu chachu imejificha katika nyuzi zake. Tazama uzito wa jambo hilo: kizazi baada ya kizazi, watu walifuga chachu hai wasiyoweza kuiona kwa macho, wakaihamisha kutoka mtungi hadi mtungi, na kinywaji chake kikapewa nafasi ya heshima katika ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu.

Kuna atakayesema kwamba hata maabara zimethibitisha nguvu ya mvungunya. Ni kweli, dondoo zake zimezuia bakteria katika majaribio, na unga wa tunda umepakwa vidonda na ngozi tangu zamani. Lakini kuua bakteria katika kisahani cha kioo hakuthibitishi kwamba krimu hukaza ngozi. Na mwingine atadai kwamba wazee hawakuwa na vipimo. Walikuwa navyo: kuanika, kusaga na kuchemsha ndivyo vilivyokuwa vipimo vyao, na ndivyo vinavyokosekana mtu anaponunua unga mtandaoni bila kujua ulivyotayarishwa.

Kwa bustani, mvungunya ni mti wa kivuli kizuri. Maua yake mekundu ya damu ya mzee huning'inia kwenye vikonyo virefu kama kamba, hufunguka jioni na kudondoka asubuhi. Upandwe mbali na njia na maegesho ya magari, maana tunda moja huweza kufikia kilo kadhaa. Harufu ya maua huwachukiza wengi, lakini ndiyo inayowaita popo wanaoyachavusha. Anayeupanda Florida, ambako popo wa namna hiyo hawapo, akitaka matunda itambidi atoke usiku na brashi, ahamishe chavua ua kwa ua, ikiwezekana kutoka mti mwingine.