Sungura wa mtoto akinyonyoka manyoya, mzazi aanzie wapi?

Jioni mtoto alimwacha sungura wake akiwa mzima. Asubuhi anakwenda kumpa majani, anakuta manyoya yametapakaa bandani na kifua cha mnyama kimebaki ngozi tupu. Anarudi ndani analia. Kabla chai haijachemka, jirani ameshatoa ushauri: apakwe oili chafu.

Ushauri huo umezoeleka, lakini unaweza kumuua sungura ambaye pengine hata hakuwa mgonjwa.

Kunyonyoka manyoya si ugonjwa mmoja. Ni dalili, na vyanzo vyake ni vingi. Vingine ni vya kawaida na hupita vyenyewe, vingine vinatokana na chakula au banda, na vingine ni maradhi yanayoweza kuhamia kwa mtoto anayembeba mnyama huyo kila siku. Ndiyo maana kabla ya kutafuta dawa, mzazi anapaswa kujiuliza mambo mawili: manyoya yametoka sehemu gani ya mwili, na ngozi iliyobaki ikoje?

Kifuani na tumboni

Sungura jike anayekaribia kuzaa hujing'oa manyoya ya kifuani, tumboni na chini ya kidevu ili atandike kiota cha watoto. Mimba yake huchukua takriban siku 31, na mara nyingi manyoya hung'olewa siku za mwisho au saa chache kabla ya kuzaa. Ngozi iliyobaki huwa safi, haina magamba wala vidonda.

Familia nyingi hushtuka kwa sababu ziliuziwa "madume wawili". Kutofautisha jinsia ya sungura wadogo si kazi rahisi, hata wauzaji hukosea.

Jike anaweza pia kufanya hivyo bila kuwa na mimba. Akipandwa na jike mwenzake, au na dume bila mbegu kutunga, mwili wake unaweza kujiandaa kama mwenye mimba kwa siku 16 hadi 18. Katika hali zote mbili hahitaji dawa. Apewe boksi lenye nyasi kavu, maji safi, na aachwe atulie.

Mwili mzima, ngozi ikiwa safi

Sungura hubadilisha manyoya. Mdogo huacha yale ya utotoni akiwa na umri wa miezi michache, na mkubwa huyabadilisha mara kwa mara maishani. Manyoya yanaweza kutoka kwa mafungu, lakini chini yake mapya huwa yameanza kuota na mnyama anakula kama kawaida.

Kipindi hicho asuguliwe taratibu kwa brashi laini. Sungura hujilamba sana na hana uwezo wa kutapika, hivyo manyoya anayomeza yanahitaji nyasi za kutosha ili yapite tumboni.

Manyoya kama yamekatwa na mkasi

Yakionekana mafupi badala ya kung'oka kwenye shina, huenda yanatafunwa. Sungura anaweza kujitafuna mwenyewe au kutafunwa na mwenzake. Sababu kubwa ni kukosa nyasi, kubanwa katika kizimba kidogo au kukaa bila shughuli.

Hapa ndipo chakula cha nyumbani kinapohusika. Mkate, makombo ya ugali na pumba havitoshi kumlisha sungura. Meno yake hukua maisha yote na tumbo lake linategemea nyuzinyuzi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mlo wake inapaswa kuwa nyasi, mchana na usiku.

Manyoya yakitoka nyuma, karibu na mkia na miguu, mzazi aguse sakafu ya banda. Ikiwa imelowa mkojo, ngozi huungua na kuwa nyekundu. Yakitoka chini ya kidevu na hapo pakawa na unyevu wa mate, huenda meno yana tatizo, na daktari wa mifugo anapaswa kuyatazama.

Magamba na kujikuna

Hali hubadilika pale ngozi inapoonyesha magamba, maganda magumu au vidonda. Utitiri wa ukurutu hupenda puani, mdomoni, kwenye kingo za masikio na miguuni. Aina nyingine hukaa mgongoni na shingoni na kuacha ukoko mweupe kama mba. Ipo pia inayojaza masikio maganda ya kahawia. Hayo yasibanduliwe kwa nguvu, kwani yanauma mno.

Fangasi nao huacha mabaka makavu yasiyo na manyoya, hasa usoni, masikioni na miguuni. Hawa ni wa jamii ileile inayosababisha choa na mapunye kwa watoto, na sungura anaweza kuwabeba bila kuonyesha dalili.

Mtoto naye aangaliwe

Mzazi akiona dalili hizo kwa mnyama, akague pia ngozi ya mtoto: mikono, shingo, tumbo na kichwa. Bakuli za duara zenye kingo nyekundu au vipele vinavyowasha ni sababu ya kwenda kituo cha afya, na mhudumu aambiwe kwamba nyumbani kuna sungura.

Si busara kununua krimu yoyote duka la dawa na kupaka. Zenye steroidi hupunguza muwasho kwa muda huku fangasi wakiendelea kusambaa.

Wakati wa matibabu, sungura atengwe na wenzake, ahudumiwe na mtu mzima, na mikono inawe kwa sabuni kila baada ya kumgusa. Matandiko ya zamani yatolewe na banda lisafishwe.

Yasiyofaa kabisa

Oili chafu na mafuta ya taa huunguza ngozi, na sungura akijilamba humeza sumu hiyo. Dawa za viroboto za mbwa si za kukisia. Zenye fiproni, kwa mfano, hazifai kabisa kwa sungura. Amoksilini ya kumeza huua bakteria wanaomsaidia kusaga chakula na inaweza kumuua. Kumwogesha majini nako humtia hofu na baridi.

Ukurutu una dawa, lakini kipimo chake hutegemea uzito wa mnyama, na kwa kawaida hurudiwa baada ya siku kadhaa ili kuwamaliza utitiri wanaoanguliwa baadaye. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo.

Asisubiriwe hadi kesho sungura aliyeacha kula au kutoa kinyesi kwa nusu siku, hata kama ngozi yake inaonekana nzuri. Tumbo lake likisimama, anaweza kufa haraka.

Kwa wengine, dakika chache za kumkagua penye mwanga zinatosha kuonyesha njia. Mzazi amfanye mtoto awe mwangalizi pamoja naye, apige picha ya sehemu iliyonyonyoka leo na nyingine baada ya siku tatu. Picha hizo zitamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka. Na pengine siku hiyo ya tatu, ndani ya boksi la nyasi, watakuta manyoya yale yanatikisika juu ya watoto.